Mama, Unajua Mwanao Amechanjwa Nini?



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda kuzungumza na akina mama juu ya chanjo za watoto, na akina baba tunawaomba wasigeuze ukurasa. Huenda mtasema jambo hili limekwisha kusemwa mno. Ni kweli. Siku ya kliniki uwanja wetu hujaa, foleni ya mzani hufika hadi chini ya mwembe, na ni wachache sana wanaokataa mtoto asichanjwe. Hata hivyo kuitikia wito ni jambo moja, na kujua ulichoitiwa ni jambo jingine.

Tuna desturi ya kumwuliza mama anapotoka chumba cha sindano: "Leo mwanao amepata chanjo gani?" Jibu la kawaida ni "ile ya wiki sita" au "ile ya paja." Ukiendelea kumwuliza inakinga ugonjwa gani, wengi hutazama kadi, kisha hukutazama wewe. Wengine hujibu "surua" kwa kila sindano, kwa kuwa ndilo jina wanalolifahamu tangu utoto wao. Hatusemi haya ili kuwacheka. Kadi imejaa vifupisho ambavyo hata mwalimu wa shule hawezi kuvisoma, na mara nyingi muuguzi ana watoto mia mbele yake na hana nafasi ya kueleza. Lakini kutojua huku kuna gharama. Mama asiyejua sindano ni ya nini huacha kuja mara tu anapoona mtoto amenenepa na anacheka. Anaona kazi imekwisha, kumbe imebaki nusu.

Chanjo hufanya kazi gani mwilini

Kosa la kwanza tunalolisikia ni kudhani kwamba chanjo ni dawa. Mama huleta mtoto mwenye surua tayari, akiomba "achomwe ile ya surua apone." Chanjo haiponyi ugonjwa uliokwisha kuingia. Kazi yake ni kuufundisha mwili kabla adui hajafika.

Fikirini sungusungu wa kijiji. Wakionyeshwa mapema nyayo za mwizi, sura yake na njia anayopita, siku akija kweli watamkamata mlangoni. Wasipoonyeshwa, watakimbizana gizani mpaka mali imeisha. Ndani ya chanjo mna vijidudu vilivyouawa, au vilivyodhoofishwa, au kipande chao tu, ili mwili uwatambue. Somo moja halitoshi kwa magonjwa mengi, ndiyo maana sindano ya paja hurudiwa mara tatu. Mtoto aliyepata ya kwanza peke yake ana walinzi wachache na wenye kusahau. Ya pili na ya tatu ndizo zinazowakomaza.

Ratiba ya hapa Tanzania si ngumu kuikumbuka: mtoto akizaliwa, kisha wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18. Safari sita tu katika mwaka mmoja na nusu.

Yajue magonjwa kwa majina

Akizaliwa, mtoto huchanjwa begani sindano ya kifua kikuu na kupewa matone ya polio. Ile ya begani baada ya wiki kadhaa hufanya kipele, kipele hupasuka na kutoa usaha kidogo, halafu hukauka chenyewe na kuacha kovu. Msikipake kitu: wala majivu, wala dawa ya meno, wala unga wa kidonge. Kikiacha kovu, vema. Kisipoacha, mwonyesheni muuguzi, yeye ataamua. Tuseme na hili pia: kovu hilo halina maana kwamba mtoto hawezi kamwe kuugua kifua kikuu. Chanjo hiyo humkinga hasa na kifua kikuu kile kikali cha watoto wachanga, kinachoingia kwenye ubongo na kusambaa mwili mzima. Kama nyumbani kuna babu anayekohoa na ameanza dawa za kifua kikuu, mtoto apelekwe kupimwa hata kama ana kovu zuri.

Wiki ya 6, 10 na 14 ndipo linapokuja paja. Bibi zetu wanaikumbuka sindano ya magonjwa matatu: dondakoo, kifaduro na pepopunda. Tangu mwaka 2009 hapa nchini sindano hiyo hiyo moja inabeba magonjwa matano. Yaliyoongezwa ni homa ya ini aina ya B, na vijidudu fulani vinavyoleta homa ya uti wa mgongo na kichomi. Kuanzia mwaka 2013 imeongezwa sindano nyingine ya paja ya kukinga kichomi, pamoja na matone ya kukinga kuhara kukali kunakoletwa na virusi vya rota. Basi mama akiona mtoto anachomwa mara mbili au tatu siku moja asidhani muuguzi amekosea. Mwili wa mtoto unaweza kupokea masomo kadhaa kwa siku moja, na mama anapunguziwa safari.

Kifaduro ni kile kikohozi cha mfululizo ambacho mtoto hukohoa mpaka uso unakuwa mweusi, kisha huvuta pumzi kwa mlio na kutapika. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 huweza kuua, kwa sababu huacha kupumua katikati ya kikohozi. Dondakoo hufanya utando wa kijivu kooni na kuziba njia ya hewa. Akina mama wengi vijana hawajawahi kuyaona magonjwa haya, nao huuliza kwa nini wasumbuke. Hawajayaona kwa sababu mama zao walipanga foleni.

Pepopunda na degedege

Hapa tunaomba tukae kidogo, maana ndipo penye mchanganyiko mkubwa. Katika vijiji vingi mtoto akikakamaa huitwa wa degedege, na watu hukimbilia mganga, hufukiza moshi, au humfunga hirizi. Kuna magonjwa mawili tofauti kabisa.

Degedege humpata zaidi mtoto wa miezi kadhaa hadi miaka mitano. Mwili huwa wa moto, mara nyingi kwa malaria, mtoto hutupa mikono na miguu, macho hugeuka, na hapo hajitambui. Pepopunda ya mtoto mchanga ni nyingine. Mtoto huzaliwa mzima, hulia vizuri, hunyonya vizuri siku mbili za mwanzo. Kisha, kuanzia siku ya tatu na kuendelea, huanza kushindwa kunyonya. Mama hudhani ameshiba. Kumbe taya limekaza. Halafu mwili hukakamaa kama ubao, ngumi hufungwa, na kila akiguswa, au mlango ukigongwa, au taa ikiwashwa, hukakamaa upya. Wakati wote huo mtoto yu macho na anasikia maumivu. Wodini tumewalaza watoto hawa katika chumba cha giza na kimya, tukitembea peku ili viatu visiwashtue. Wengi wao hawakupona.

Vijidudu vyake vinakaa katika udongo na samadi, na huingia kupitia kitovu: wembe uliotumika, uzi usio safi, au kitovu kilichopakwa samadi ya ng'ombe, udongo au majivu. Ajabu ni kwamba mtoto wa siku tatu hawezi kuwa amemaliza chanjo zake. Kinga yake ya siku hizo anaipata kutoka kwa mama, kupitia kondo la nyuma, kabla hajazaliwa. Ndiyo maana mjamzito huchanjwa pepopunda begani. Dozi ya kwanza mara anapofika kliniki, ya pili baada ya wiki 4 au zaidi, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne baada ya mwaka, ya tano baada ya mwaka mwingine. Mwanamke aliyemaliza zote tano amejikinga kwa miaka yake yote ya kuzaa. Atunze kadi hiyo kama anavyotunza cheti cha ndoa. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kwamba imefaulu kuitokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga kama tatizo la afya ya umma. Vijidudu vyenyewe lakini bado vimo katika kila zizi, na havitaondoka. Tukiacha kuchanja, itarudi.

Na hapa kuna uvumi. Tumeulizwa mara nyingi, hata baada ya Misa, kama sindano ya pepopunda inafunga uzazi, kwa kuwa wanachanjwa wanawake. Mwaka 2014 nchini Kenya jambo hili lilizusha mjadala mkubwa, hata Maaskofu wa huko wakadai chanjo ipimwe, nayo serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Afya Duniani wakasisitiza kuwa ni salama. Swali la mama halipaswi kudharauliwa, na anayeuliza asiitwe mjinga. Jibu letu ni hili: wanawake huchanjwa kwa sababu wao ndio wanaompa mtoto mchanga kinga, baba hana njia ya kumpa. Na katika wodi yetu ya wazazi tunawapokea kila mwaka wanawake wenye dozi zote tano kwenye kadi, wamekuja kujifungua mtoto wa nne au wa tano.

Surua: miezi 9 haitoshi

Ugonjwa mwingine wa kukaa nao ni surua. Kabla ya chanjo kuenea, surua iliua watu wapatao milioni 2.6 duniani kila mwaka, wengi wao watoto. Inaenea kwa hewa kuliko karibu ugonjwa wowote tunaoujua: virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na katika kila watu 10 wasio na kinga walio karibu naye, 9 huweza kuambukizwa. Mtoto mmoja mwenye surua akiletwa kanisani Jumapili, hesabuni wenyewe.

Huanza kama mafua: homa, kikohozi, macho mekundu yenye machozi. Siku ya tatu au ya nne vipele hutokea nyuma ya masikio na usoni, kisha hushuka mwilini. Watu huogopa vipele, lakini kinachoua ni kinachofuata, yaani kichomi, kuhara, na wakati mwingine ubongo kuvimba. Macho nayo huharibika, hasa kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A, na huharibika zaidi pale anapotiwa machoni maji ya majani. Tunawajua vipofu waliopofuka hivyo. Mtoto wa surua apelekwe hospitali apewe vitamini A, anyweshwe, alishwe, wala asifichwe ndani akiambiwa maji yatarudisha vipele tumboni.

Mwaka 2019 jirani zetu wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, walipatwa na mlipuko mkubwa wa surua. Hadi Januari 2020 waliodhaniwa kuugua walikuwa wapata 310,000 na waliokufa walizidi 6,000. Watu wanavuka ziwa lile kila siku.

Kwa nini chanjo ya surua inangoja miezi 9? Kwa sababu mtoto huzaliwa na kinga ya mama yake, nayo ikiwa bado na nguvu huiharibu chanjo kabla haijafanya kazi. Lakini hata katika miezi 9, watoto wapatao 85 tu kati ya 100 ndio hushika kinga. Hao 15 waliobaki wanaonekana wamechanjwa, kadi inasema wamechanjwa, na bado hawana kinga. Dozi ya pili ya miezi 18 imewekwa kwa ajili yao. Tangu mwaka 2014 sindano hii inakinga pia rubella, ugonjwa mwepesi kwa mtoto lakini wenye balaa kwa mjamzito: mtoto aliye tumboni huweza kuzaliwa kiziwi, mwenye mtoto wa jicho, au mwenye tundu la moyo.

Sasa, ile ya miezi 18 ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Akina mama husema kwamba "kliniki imekwisha" mtoto akifikisha miezi 9. Tangu hapo ni miezi tisa mingine bila sindano, na katika miezi hiyo mama ameanza mimba nyingine, au amehamia shambani, au amerudi kazini mjini na mtoto amebaki kwa bibi. Kadi imebaki mjini kwenye sanduku. Bibi hajui tarehe, na wala hakuambiwa. Ombi letu kwa mabinti wanaoacha watoto kijijini: acheni na kadi, na mwonyesheni bibi kwa kidole mahali palipobaki wazi.

Kwa polio tutasema machache. Mara ya mwisho virusi vya asili vya polio kumpoozesha mtoto hapa Tanzania ilikuwa mwaka 1996. Mwaka 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi hivyo, lakini Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto aliyepooza kwa virusi vilivyosafiri kutoka Asia. Kwa hiyo nchi jirani, pamoja na yetu, zikapitisha matone nyumba kwa nyumba mwaka huohuo. Mama aliyesema "wangu ameshamaliza" hakukosea, ila matone ya nyongeza hayadhuru, nayo huziba nafasi kwa yule ambaye tumbo lake halikushika dozi za kwanza.

Maswali tunayoulizwa kliniki

"Mtoto ana mafua, nimrudishe nyumbani?" Hapana. Mafua, kikohozi chepesi, homa ndogo au kuhara kidogo havizuii chanjo. Mtoto mdogo au mwenye uzito pungufu ndiye anayeihitaji zaidi. Anayeahirishwa ni yule mgonjwa sana wa kulazwa. Na kama mtoto aliwahi kupata shida kubwa baada ya sindano iliyopita, au mama ana virusi vya Ukimwi, mwambieni muuguzi kwa siri kabla ya kuchanja, atajua la kufanya.

"Usiku alipata joto, je, sindano ilikuwa mbaya?" Joto na uvimbe kidogo ni dalili kwamba mwili unajifunza. Mnyonyesheni mara nyingi, mvueni nguo nzito. Msikande paja kwa maji ya moto. Likipita siku mbili, au akilia bila kunyamaza, au akikataa kunyonya, rudini hospitali.

"Nimepitisha tarehe miezi mitatu, nitaanza upya?" Swali hili linatuuma, maana wapo mama ambao hawakurudi kabisa kwa kuogopa kuanza upya. Hakuna kuanza upya. Tunaendelea pale palipoishia, tukiacha angalau wiki 4 kati ya dozi na dozi.

Wapo pia wasiorudi kwa sababu nyingine, nayo tuitaje hapa gazetini. Akina mama wametusimulia kwamba katika vituo fulani walifokewa mbele ya wenzao: kwa kadi iliyochanika, kwa kanga iliyofifia, kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani. Mama aliyefokewa mara moja anakuwa na tarehe kichwani na aibu moyoni, na aibu hushinda. Kwa maoni yetu muuguzi wa namna hiyo anaharibu chanjo nyingi kuliko friji lililoharibika. Mama aliyepoteza kadi aje tu. Jina la mtoto limo katika daftari la kliniki, na kadi mpya itaandikwa.

Kuhusu friji, jambo moja la kueleweka. Chanjo hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, tangu inapotoka bohari hadi kwenye boksi la baridi tunalofunga kwenye pikipiki kwenda kliniki ya mkoba vigangoni. Chupa moja ya surua au ya kifua kikuu ina dozi za watoto kadhaa, na ikishachanganywa haitumiki baada ya saa 6, bali hutupwa. Ndiyo sababu vituo vingine hupanga siku maalumu za chanjo hizo mbili. Sisi tunaona mama aliyetembea saa tatu asirudishwe kwa ajili ya kuokoa chupa, na mwongozo wa kazi hii unaunga mkono kufungua chupa hata kwa mtoto mmoja. Lakini mama akiambiwa aje siku nyingine, aulize tarehe kamili na iandikwe kwa penseli kwenye kadi kabla hajaondoka.

Kwa akina baba, msaada wenu tunaouhitaji ni mdogo na wa kuhesabika: nauli ya kliniki iwekwe kando kabla ya siku yenyewe, na siku hiyo mama asipangiwe palizi. Viongozi wa jumuiya ndogondogo nao wanaweza kuuliza, mara moja kwa mwezi baada ya sala, nani ana mtoto wa miezi 9 na nani wa miezi 18. WAWATA wa kigango kimojawapo walianza kufanya hivyo kwa daftari la shule la kurasa 48, na tuliona tofauti kwenye foleni.

Kwa wale wanaopata shida kuhesabu: mtoto aliyezaliwa Januari, surua ya kwanza ni Oktoba mwaka huohuo, na ya pili ni Julai ya mwaka unaofuata. Wa Aprili ni Januari, kisha Oktoba. Wa Julai ni Aprili, kisha Januari. Wa Oktoba ni Julai, kisha Aprili. Wa miezi ya katikati wasogeze mbele kwa mwezi mmoja au miwili. Andikeni miezi hiyo nyuma ya kadi, leo hii, kwa wino.